Chunusi za msusi aliyepaka krimu ya mchanganyiko kwa miezi 6: dawa ipi ianze, ipi isubiri, ipi iachwe

Mgonjwa ni mwanamke wa miaka 24, msusi wa saluni, mkazi wa Dar es Salaam. Chunusi zilimwanza akiwa na miaka 17, zikawa zinakuja na kuondoka. Miezi 8 iliyopita zilikuja zikakaa. Kisa hiki ni cha mfano: kimeundwa kutokana na mambo yanayojirudia kwenye kliniki za ngozi, na hakimhusu mtu mmoja anayeweza kutambulika.

Anafungua mkoba na kupanga mezani vitu vinne. Kuna sabuni ya kipande yenye dawa ya kuua vijidudu, anayoogea uso mara 4 kwa siku pamoja na dodoki. Kuna kichupa cha klindamaisini 1%, antibayotiki ya kupaka, alichopaka peke yake kwa miezi miwili. Kuna jeli ya benzoili peroksaidi 10% aliyopewa na rafiki, akaipaka uso mzima asubuhi na jioni. Siku ya tano ngozi ikababuka akaiacha. Na kuna tyubu anayoipenda kuliko zote, krimu ya mchanganyiko aliyonunua duka la dawa bila cheti, kwa sababu "inafanya kazi". Amepaka kila usiku kwa miezi 6. Kila anapojaribu kuiacha, uso unawaka ndani ya wiki moja, anairudia, unatulia.

Jibu la nusu ya kisa limo kwenye maandishi madogo ya tyubu hiyo. Ndani yake kuna dawa tatu: ya fangasi, ya bakteria, na klobetasoli 0.05%. Klobetasoli ni steroidi ya kundi lenye nguvu kuliko yote katika steroidi za kupaka. Hutengenezwa kwa ajili ya ngozi nene na magonjwa makali, kwa muda mfupi. Uso si mahali pake.

Kuusoma uso

Kabla ya kutaja dawa yoyote, uso unasomwa sehemu kwa sehemu, kwenye mwanga mzuri, bila poda wala foundation.

Kwenye paji, kufuata mstari wa nywele, kuna vizibo vipatavyo 40: vile vichwa vyeupe na vyeusi visivyouma, ambavyo hutokea kinyweleo kinapozibwa na mafuta pamoja na seli zilizokufa. Kwenye mashavu na taya kuna vipele 22 vyenye kuvimba, na 8 vyenye usaha. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wa kipele hauonekani wazi. Huonekana kama zambarau au weusi uliokolea, hivyo ni lazima kupapasa kwa kidole ili kujua kama kuna uvimbe au ni doa tu lililobaki. Hakuna mavimbe makubwa ya chini kwa chini, na makovu ya mashimo ni mawili tu, ya zamani. Madoa meusi ni mengi.

Kisha kuna eneo la tatu, ambalo ndilo linalopotosha watu. Kuzunguka mdomo na pembeni ya pua kuna vipele vidogo vinavyofanana, vimesongamana, lakini ukingo mwembamba unaogusana na midomo umebaki safi. Ngozi ya hapo inang'aa, nyembamba, na vinyweleo laini vimeongezeka. Hizi si chunusi za kawaida. Ni harara ya kuzunguka mdomo inayoletwa na steroidi. Kwa hiyo uso mmoja una matatizo matatu: vizibo vya paji, chunusi zenye uvimbe za mashavu na taya, na harara ya steroidi. Mtu akitafuta dawa moja ya kumaliza yote matatu kwa mpigo, atazunguka kama alivyozunguka huyu.

Maswali yanayofuata hayahusu ngozi, lakini yanaamua dawa. Je, anatumia dawa nyingine? Izoniazidi ya kifua kikuu, fenitoini ya kifafa na vidonge vya steroidi vyote vinaweza kuleta vipele vinavyofanana na chunusi, yeye hatumii. Vipele vinawasha? Hapana, vinauma. Swali hilo lina uzito, kwa sababu vipele vinavyowasha sana, vya saizi moja, kwenye paji na mgongo, bila kizibo hata kimoja, mara nyingi ni fangasi ya vinyweleo, na hiyo huzidi mtu akipewa antibayotiki. Hedhi? Haieleweki tangu aweke kijiti cha uzazi wa mpango miezi 10 iliyopita. Hana ndevu kidevuni, nywele za kichwa hazijapungua, na kabla ya kijiti hedhi ilikuja kwa mpangilio, kwa hiyo hakuna dalili ya kutafuta tatizo la mifuko ya mayai. Lakini kijiti kina homoni ya aina ya projestini peke yake, na kuongezeka kwa chunusi ni moja ya athari zake zinazojulikana. Miezi inapishana kidogo tu: kijiti miezi 10, chunusi miezi 8, krimu miezi 6. Mfuatano huo unaeleweka.

Kipimo cha mimba kimefanyika, hakuna mimba. Pamoja na kijiti, kipimo hicho hakirukwi kwa mwanamke anayekaribia kupewa doksisaiklini, antibayotiki ya kumeza.

Kwa nini krimu ile ilionekana kufanya kazi

Steroidi huzima uvimbe haraka, ndani ya siku mbili tatu, na kipele kinanywea. Lakini haifungui kizibo, haipunguzi mafuta, na huku ikikaa inaipunguza ngozi unene na kuiacha bila ulinzi wake. Siku dawa inapoachwa, mishipa midogo ya damu hutanuka na uvimbe uliokuwa umezimwa hurudi kwa kishindo. Mgonjwa anaona ugonjwa umerudi, kumbe anayoiona ni athari ya dawa. Kwa njia hiyo mtu hufungwa na tyubu kwa miaka. Tunalisema hili kwa uchungu kwa sababu tyubu hizi zinauzwa kama dawa ya kila kipele, na wengine huzichanganya kwenye mkorogo. Dawa za kuziepuka usoni kwenye orodha ya viambato ni klobetasoli, betamethasoni, dexamethasoni, mometasoni na fluosinoloni. Mfamasia anayeulizwa "hii ina steroidi?" anajua jibu, tatizo ni kwamba wachache huuliza.

Nazo klindamaisini na benzoili peroksaidi hazikuwa dawa mbaya, zilitumiwa vibaya. Klindamaisini ikipakwa peke yake kwa miezi, bakteria wa chunusi huizoea, nguvu yake inapungua. Inatakiwa iandamane na benzoili peroksaidi, ambayo huua bakteria hao kwa oksijeni na haijaonekana kuzoeleka. Na ile 10% ilikuwa kali bila faida: 2.5% hupunguza vipele vyenye uvimbe karibu sawa na 10%, ila hubabua kidogo kuliko hiyo. Kwenye ngozi nyeusi jambo hili ni zito, kwa sababu kila mahali palipobabuka panaweza kuacha doa la miezi kadhaa. Dawa kali iliyochaguliwa ili madoa yaishe upesi inaweza kuyaongeza.

Dawa zilizopimwa, na zilivyoamuliwa

Kwa vizibo vya paji, dawa inayofanya kazi hasa ni ya kundi la retinoidi, yaani dawa zinazozuia vinyweleo visizibe. Adapaleni 0.1% ilichaguliwa badala ya tretinoini kwa sababu inavumilika zaidi na haiharibiwi na mwanga wala na benzoili peroksaidi. Lakini haikuanza siku ya kwanza. Ngozi iliyodhoofishwa na steroidi ikipakwa retinoidi inawaka, mgonjwa anakimbia, na adapaleni inapata jina baya isilostahili.

Kwa uvimbe wa mashavu na harara ya mdomo kwa pamoja, doksisaiklini ya kumeza miligramu 100 mara moja kwa siku ilikuwa na faida mbili: inatibu vyote viwili, na inapunguza makali ya kurudi kwa uvimbe steroidi inapoondolewa. Ilipewa mwisho tangu mwanzo: wiki 12, si zaidi. Klindamaisini ilisimamishwa, kwa kuwa kupaka antibayotiki moja huku unameza nyingine ni kuwafundisha bakteria mara mbili.

Asidi ya azelaiki 20% ilikuwa mgombea wa nguvu. Inapunguza vizibo, uvimbe na madoa, na inaruhusiwa kwa mjamzito. Ilisogezwa mbele kwa sababu moja tu: huchoma kidogo siku za mwanzo, na uso huu haukuwa na nafasi ya kuchomwa.

Isotretinoini, retinoidi ya kumeza, haikuhitajika. Hiyo huwekwa kwa wenye mavimbe makubwa, wanaopata makovu, au walioshindikana baada ya matibabu kamili. Dozi yake huhesabiwa kwa uzito. Kwa mtu wa kilo 60, miligramu 0.5 kwa kilo ni miligramu 30 kwa siku. Lengo la jumla la miligramu 120 hadi 150 kwa kilo ni miligramu 7,200 hadi 9,000, yaani siku 240 hadi 300. Katika siku zote hizo, mwezi mmoja kabla na mwezi mmoja baada, mwanamke hapaswi kushika mimba, kwa kuwa dawa hii huharibu kiumbe vibaya sana. Haitolewi bila vipimo vya ini, mafuta ya damu na mimba, wala haichanganywi na doksisaiklini, kwa hatari ya shinikizo ndani ya fuvu. Ni dawa nzuri, lakini ya mikononi mwa kliniki ya ngozi. Nje ya miji mikubwa si lazima kumtafuta profesa: kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, tangu 1992 kimekuwa kikifundisha maofisa tabibu kutoka nchi mbalimbali za Afrika, na wengi wao wanahudumu kwenye hospitali za mikoa.

Kijiti kiliachwa. Mgonjwa anakihitaji, na kukitoa bila njia mbadala ni kubadilisha chunusi kwa mimba asiyoitaka. Makubaliano yalikuwa kukitazama upya wiki ya 12: kama taya itakuwa haijasikia dawa, ndipo kuzungumzia kitanzi cha shaba kisicho na homoni, au vidonge vyenye homoni mbili baada ya kupima presha na kuuliza kuhusu sigara, kipandauso chenye kuona mwangaza na historia ya damu kuganda.

Mpango wenyewe

Wiki ya 1 na ya 2: klobetasoli imeachwa. Kwa kuwa ilipakwa kila siku kwa miezi 6, nafasi yake ilichukuliwa na haidrokotisoni 1%, ambayo ni dhaifu: safu nyembamba mara moja kwa siku kwa siku 7, kisha siku moja ndiyo na moja hapana kwa siku 7, kisha basi. Doksisaiklini ilianza siku hiyohiyo. Uso unaoshwa mara 2 tu, kwa mkono, kwa sabuni laini isiyo na manukato. Dodoki limepumzishwa. Losheni nyepesi isiyo na manukato mara 2. Mafuta ya nazi na siagi ya kakao yasifike usoni.

Wiki ya 3: benzoili peroksaidi 2.5%, mara moja kwa siku asubuhi, kwenye mashavu na paji, ikiacha eneo la mdomo. Siku tano za mwanzo inakaa dakika 5 kisha inaoshwa. Isipobabua, inaachwa ikae. Kuna wiki mbili ambazo antibayotiki ilimezwa bila mwenzake. Hilo ni kasoro, na tuliikubali kwa sababu ngozi ya siku zile isingebeba kingine.

Wiki ya 5: adapaleni usiku, Jumatatu na Alhamisi. Wiki ya 7, siku moja ndiyo na moja hapana. Wiki ya 9, kila usiku. Kipimo ni punje moja ya njegere kwa uso mzima, ikigawanywa kwa vidoa: paji, shavu, shavu, kidevu, kisha kutandazwa. Haipakwi juu ya kipele kimoja kimoja, kwa sababu kazi yake ni kuzuia kizibo kinachoanza leo ambacho kingekuja kuonekana baada ya wiki nane hivi. Punje hiyo ni kama nusu gramu, kwa hiyo tyubu ya gramu 30 inatosha usiku 60. Ikiisha ndani ya wiki tatu, inapakwa nyingi mno.

Mchana, losheni ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi, kwa kuwa doksisaiklini na adapaleni huifanya ngozi iungue upesi, na jua hukoleza madoa. Zile zenye rangi ya udongo, zilizotiwa oksaidi ya chuma, hazimwachi mtu mweusi na uso wa majivu, na hukinga pia mwanga wa kawaida unaokoleza madoa.

Kazi yake nayo iliguswa. Mafuta ya nywele ya mgando yanateremka na jasho hadi kwenye paji, na hapo ndipo vizibo 40 vilipojipanga. Mafuta yaanzie sentimita 2 nyuma ya mstari wa nywele, kilemba kifuliwe, na mikono inayosuka isiguse uso kabla ya kunawa. Badiliko hili peke yake huchukua wiki 6 hadi 8 kuonekana.

Aliuliza kuhusu karanga na "damu chafu". Damu yake haina uchafu wowote, na karanga ale. Sukari nyingi, soda na unga wa protini wa mazoezi vinaweza kuchochea chunusi kwa baadhi ya watu, na kupunguza hakuna hasara, lakini chakula peke yake hakikuleta uso huu.

Yaliyokwenda kombo

Siku ya 9 uso uliwaka: joto, vipele vipya vya usaha, harara ya mdomo imeenea. Alikuwa ameambiwa kwamba siku hizo zitakuja, hata hivyo siku ya 10 na ya 11 alirudia tyubu ya zamani. Ingekuwa kosa kumgombeza. Aliambiwa aitupe hiyo tyubu, kwa sababu kuiweka kabatini ni kuiweka tayari, akaanza upya hesabu ya haidrokotisoni, na kuweka kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi dakika 10 mara 3 kwa siku. Siku ya 18 joto lilianza kushuka.

Wiki ya 4 alilalamika kifua kinachoma anapomeza chakula. Alikuwa akimeza doksisaiklini usiku kwa funda moja la maji na kulala papo hapo. Kidonge hunasa kwenye koo la chakula na kuliunguza. Tangu hapo alimeza mchana, baada ya kula, kwa glasi nzima ya maji, na kukaa wima dakika 30. Vidonge vya madini ya chuma anavyotumia vilitenganishwa nacho kwa saa 3, maana vikikutana tumboni dawa hainyonywi vizuri.

Wiki ya 6 pembe za pua zilichubuka. Alipaka adapaleni uso ukiwa bado mbichi kwa maji, na ngozi yenye maji huivuta dawa zaidi. Dawa: kausha, subiri dakika 20, paka losheni kwanza, adapaleni juu yake, na mafuta ya mgando kidogo kwenye pembe za pua na za mdomo kama uzio. Alipumzika usiku 3, akarudi kwenye mara mbili kwa wiki.

Kanga mbili na foronya moja zilipata mabaka meupe. Hiyo ni benzoili peroksaidi, hufuta rangi ya nguo. Ni taulo nyeupe na foronya nyeupe tangu siku ya kwanza, na hili lilipaswa kusemwa mapema.

Wiki ya 12 na mbele

Harara ya mdomo imekwisha. Vipele vyenye uvimbe vimebaki 6, vya usaha 1, vizibo 16. Doksisaiklini ilisimama siku hiyo kama ilivyopangwa. Alitaka kuendelea nayo "mpaka ziishe kabisa", na jibu lilikuwa hapana: adapaleni na benzoili peroksaidi ndizo zinazoshikilia kuanzia sasa. Taya imesikia dawa, kijiti kinabaki.

Kilichomsumbua wakati huo kilikuwa madoa, na hapo ndipo wengi hurudi kwenye mkorogo. Asidi ya azelaiki 20% iliingizwa asubuhi kwenye mashavu, na benzoili peroksaidi ikahamia kwenye kunawia: dakika 5 bafuni, kisha kuoshwa. Aliambiwa waziwazi kwamba madoa ya aina hii hufifia kwa miezi 6 hadi 12, kwamba picha moja kwa mwezi, dirisha lilelile na saa ileile, itamwonyesha mabadiliko ambayo kioo cha kila siku hakiyaonyeshi, na kwamba kila kipele anachotumbua kwa kucha kinaongeza doa jipya kwenye hesabu hiyo.

Swali lake la mwisho lilikuwa la mwakani: anataka mtoto. Adapaleni iachwe kabla hajatoa kijiti, na asirudi kwenye doksisaiklini. Asidi ya azelaiki iendelee mara 2 kwa siku, benzoili peroksaidi ya kunawia ibaki, na mkunga aonyeshwe tyubu zote mbili siku ya kwanza ya kliniki.